Kwa nini kompaila hufuta mstari ulioandika ukiwa na akili timamu?

Mwenye duka anaandika kwa chaki ubaoni: sukari 2,800. Kabla mteja hajatokea, anafuta na kuandika 3,000. Ile bei ya kwanza haikumfaa mtu. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa lugha ya programu ya C kuwa maagizo ya mashine, ikikuta jambo kama hilo huenda mbali zaidi ya mwenye duka: inahakikisha bei ya kwanza haiandikwi kabisa. Thamani iliyowekwa kwenye kumbukumbu bila kusomwa na yeyote tuiite uandishi mfu, na kazi ya kuusaka ni ya kila kompaila inayojiheshimu.

Utauliza, nani huandika msimbo wa kipuuzi namna hiyo? Wachache. Mara nyingi uandishi mfu hujitokeza kompaila ikiwa kazini. Fanksheni moja, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina, inajaza sifuri kwenye baiti 64 za kumbukumbu ili kuwe safi. Aliyeiita anajaza sehemu zote upya. Kila mmoja katimiza wajibu wake. Ila kompaila ikishapachika mwili wa fanksheni ile pale ilipoitwa, zile sifuri 64 zinabaki uchi: hazina msomaji.

Kufuta ni rahisi. Kinachotoa jasho ni kuthibitisha kwamba hakuna aliyesoma. Pointa ni kigezo kinachobeba anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, na pointa mbili zenye majina tofauti zaweza kuelekea anwani ileile. Katikati ya maandishi mawili kukiwa na wito wa fanksheni isiyojulikana inafanya nini, kompaila haina budi kudhani imechungulia. Tena kuna matawi: njia ya kulia inafunika thamani, ya kushoto inaisoma, basi haifutiki.

Ndiyo maana LLVM, msingi wa kompaila ya Clang, kwa miaka mingi ilifanya msako huu zaidi ndani ya kipande kimoja cha msimbo kisicho na matawi. Toleo la 12, mwaka 2021, lilihamia kwenye mfumo wa kufuatilia kumbukumbu uitwao MemorySSA. Humo kila uandishi huhesabiwa kuwa toleo jipya la kumbukumbu, na kila usomaji huunganishwa na toleo ambalo huenda unalitegemea. Badala ya kupekua mstari kwa mstari, kompaila hufuata nyuzi hizo hata zikivuka matawi. Uandishi uliokufa nusu nao haupiti: baiti 32 zikijazwa sifuri, kisha 16 za mwanzo zikafunikwa, zinabaki 16 tu za kujaza.

Sasa njoo kwenye kitimtim. Mtaalamu wa usalama anapokea nywila ya mtumiaji kwenye kumbukumbu ya muda ya fanksheni, anaikagua, kisha kwa uangalifu anaifuta kwa kuijaza sifuri, akitumia fanksheni ya C iitwayo memset, kabla ya kutoka. Kompaila inatazama: fanksheni inaisha, kumbukumbu hii inaachwa, hakuna atakayezisoma sifuri hizi. Mstari unaondolewa. Nywila inabaki palepale, ikingoja mdukuzi atakayepata upenyo wa kusoma kumbukumbu ya programu.

Kompaila haijakosea. Kanuni za C huitaka ilinde matokeo ya programu, na mdukuzi hayumo katika kanuni hizo. Kwangu mimi lawama ni ya lugha, iliyokaa miongo bila kumpa mwandishi namna rahisi ya kusema "hii usiiguse". Watu wakajitengenezea dawa: mfumo endeshi wa OpenBSD ulileta explicit_bzero, fanksheni ya kujaza sifuri ambayo kompaila haiondoi, mwaka 2014, Linux ikapata ya kwake, memzero_explicit, ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) mwaka huohuo, na glibc, maktaba ya C inayotumika sana kwenye Linux, ikaipokea explicit_bzero mwaka 2017. Kiwango chenyewe cha lugha kilisubiri hadi toleo lake la C23 ndipo kikaongeza memset_explicit, ambayo tofauti yake na memset ya zamani ni ahadi moja tu: kwamba itatekelezwa hata kama hakuna atakayesoma.