Kaki si kijani

Nimelisikia neno hili likitumika ovyo kwa miaka mingi na nimekuwa nikinyamaza, lakini wiki iliyopita, katika duka la rangi lililo karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, kijana mmoja aliweka simu yake juu ya kaunta, akamwonesha muuzaji picha ya lori la kijeshi la Marekani la mwaka 1944, na kuomba nusu lita ya "kaki ya jeshi". Lori lile lilikuwa la kijani kizito. Muuzaji hakuitazama picha; alisikia kaki, akakoroga kaki, akampa kijana rangi inayofanana na bahasha. Kijana anaunda mfano mdogo wa lori hilo kwa kipimo cha 1:35, ameshamaliza kuupiga prima, yaani rangi ya msingi, na nina hakika kwamba alipofika nyumbani alimlaumu muuzaji, ingawa kwa hakika muuzaji ndiye aliyekuwa sahihi.

Kaki ni rangi ya vumbi, yaani hudhurungi iliyopauka yenye umanjano ndani yake na ujivu kidogo, na kwa kupanua maana ni kitambaa kigumu cha pamba chenye rangi hiyo, kile kilichoshonewa kaptula za shule za wengi wetu. Maana yake ni hiyo tu. Linalostahili maelezo zaidi ni namna neno hili lilivyofika mahali ambapo watu wanalitumia kuitia jina rangi ya majani.

Asili yake ni Kiajemi. Khak ni vumbi au udongo, na ile "i" inayoongezwa mwishoni hulifanya neno liwe sifa, kwa hiyo khaki ni "-a vumbi". Kutoka Kiajemi liliingia Kiurdu, Waingereza wakalichukua kutoka kwa askari wao wa Kihindi, nasi tukalipokea pamoja na sare. Neno rangi lenyewe nalo ni la Kiajemi, kwa hiyo Mswahili anayesema "rangi ya kaki" anazungumza Kiajemi mwanzo na mwisho, na chetu humo ni kile kiunganishi cha katikati. Wala hapakuwa na ugeni wowote katika kuipa rangi jina la kitu, maana sisi wenyewe tumefanya hivyo siku zote: kijivu kimetokana na majivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda lake, na sijui lugha nyingine yenye ujasiri wa kuiita rangi damu ya mzee na kila mtu akaelewa. Basi kijani kimetoka kwenye jani na kaki imetoka kwenye vumbi. Anayeita kijani kaki ameliita jani vumbi.

Historia ya sare inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1846 Harry Lumsden, ofisa wa Kiingereza, alianzisha kikosi cha Guides, yaani waongozaji njia, huko Peshawar, katika Pakistan ya leo, na katika miaka michache ya mwanzo askari wake wakavishwa nguo za rangi ya vumbi la nchi ile, ili wasionekane kwa mbali kama walivyoonekana wenzao wenye koti jekundu. Wakati wa maasi ya India ya mwaka 1857 vikosi vingine vilivyokuwa na sare nyeupe vilizitia rangi kwa chochote kilichokuwapo, yakiwemo majani ya chai, kahawa na matope. Unaweza kuwaza gwaride la aina hiyo: kikosi kimoja, rangi ishirini, na baada ya kufuliwa mara tatu zinakuwa arobaini. Rangi isiyochujuka ilipatikana baadaye, mwaka 1884, pale Frederick Gatty alipochukua hataza ya kutia kaki kwa chumvi za madini. Kufikia Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, askari wa Uingereza aliyepelekwa ng'ambo alikuwa ni mtu wa kaki, na mwaka 1902 sare ya kazi ya nyumbani nayo ikafuata mkondo huo, ingawa ya kule baridini ilikuwa nzito zaidi na ilielekea kwenye kahawia na hata ukijani. Chanzo cha fujo kiko hapo, nami nitarudi kwake.

Kwetu huku kaskazini kaki haikuwa habari ya mbali. Tarehe 3 Novemba 1914 majeshi ya Uingereza yaliushambulia mlima Longido, mwendo wa kilomita kama 80 kutoka mjini Arusha, na kurudishwa nyuma na Wajerumani. Miongoni mwa washambuliaji walikuwamo askari kutoka Punjab, ambao kwao khaki lilikuwa neno la nyumbani, na waliokuwa mbele yao, askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, nao walivaa kaki. Baadaye Wajerumani walipozibiwa njia ya bahari na kukosa vitambaa, walifuma pamba humu humu nchini, na kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameandika kwamba walijaribu rangi mbalimbali za miti hadi wakaridhika na ile ya ndaa, iliyotoa kahawia yenye umanjano. Anayepaka sanamu ndogo za askari wa vita hivyo na akazifanya zote zifanane kabisa hajakosea jina la rangi, lakini amesahau kwamba vumbi halina namba. Vumbi la nyanda za Longido ni la kijivujivu, lile la mashamba ya juu ya Moshi linaelekea kwenye wekundu, na yote mawili yana haki ya kuitwa khak.

Sasa kuhusu lile lori. Rangi yake ni kijani cha zeituni kilichofubaa, ambayo Jeshi la Marekani liliitumia kwenye magari yake katika Vita Kuu ya Pili, nayo ina kichekesho kinachowachanganya wapakaji wengi: haikuhitaji rangi ya kijani hata tone. Ilitengenezwa kwa njano ya udongo na nyeusi, na yeyote aliye na vikopo hivyo viwili anaweza kujaribu leo jioni, kwa kuongeza nyeusi kidogo kidogo kwenye njano hadi ukijani ujitokeze wenyewe. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba udongo na zeituni ni mbingu na ardhi. Zina mzazi mmoja. Hata hivyo, jicho linaloangalia kazi iliyokwisha haliulizi kopo lilikuwa na nini, linaona kijani au linaona vumbi.

Haki inanilazimu kukiri kwamba Waingereza ndio waliotuvuruga. Kwa kuwa waliendelea kuiita kaki kila sare ya kazini hata ilipokuwa na ukijani, jina lilihama kutoka kwenye rangi likaenda kwenye jeshi, na mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili walikuwa na rangi rasmi ya magari iliyoitwa kijani-kaki namba 3. Mwaka 1942 waliigeukia kahawia, na mwaka 1944 wakachukua zeituni yao wenyewe iliyokaribia ile ya Wamarekani. Wajerumani, watu wa orodha na namba tangu RAL, mfumo wao wa kuzipa rangi namba, ulipoanza mwaka 1927, nao hawakusalimika: RAL 7008 leo inaitwa kijivu cha kaki, imepangwa kwenye kundi la vijivu, na ukiitazama utasema ni kahawia ya matope. Katika hali hiyo, kijana wa Arusha anayesema kaki akimaanisha kijani ana wenzake wakubwa. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na namba pembeni ya jina, naye alikuwa na jina peke yake.

Ndiyo maana katika kulinganisha rangi neno ni mwanzo tu wa mazungumzo. Kipande kilichopakwa na kukauka ndicho cha kupelekwa dukani, kwa sababu rangi mbichi hubadilika ikikauka na picha ya simu hubadilika kila mwanga wa kioo unapopunguzwa, kisha kilinganishwe nje mchana, maana rangi mbili zinazokubaliana chini ya taa ya dukani zinaweza kukosana juani. Wengi wetu pia huongeza tone la rangi nyeupe au ya mchanga, kwa kuwa rangi ya gari zima ikiwekwa kwenye gari la kukaa kiganjani huonekana nzito kuliko inavyostahili. Ni suala la jicho la kila mtu na sitaligombania.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama utapita kwenye maneno haya, usiirudishe ile nusu lita. Itunze kwa ajili ya askari wa Longido, na siku ukiwaunda itakufaa sana. Kwa ajili ya lori, rudi kwa muuzaji yule yule, mwombe njano ya udongo na nyeusi, na akikuuliza unataka kupata rangi gani, mwambie zeituni.