Chuma Ukikiona Kando ya Barabara ya Raate, Kiache Hapo Hapo

Theluji ikishayeyuka huko Suomussalmi, mashariki mwa Finland, sisi wa urithi wa kale huanza kuulizwa maswali yale yale. Nimeona kofia ya chuma msituni, naweza kuichukua? Na maganda ya risasi je? Leo nawaandikia ndugu wanaozungumza Kiswahili na kuishi Finland, maana wengi wetu huingia msituni kuchuma matunda na uyoga, na ile haki ya kila mtu kutembea msituni imeeleweka nusu tu.

Vyuma hivyo ni mabaki ya Vita vya Majira ya Baridi, kati ya Finland na Muungano wa Kisovieti, vilivyodumu siku 105, kuanzia Novemba 30, 1939 hadi Machi 13, 1940. Divisheni ya 44 ya Jeshi la Kisovieti ilipita Raate, barabara moja nyembamba iliyobanwa na misonobari, kwenda kuwaokoa wenzao wa divisheni ya 163 waliokwama Suomussalmi. Malori, vifaru na farasi vikapanga foleni ndefu isiyo na pa kugeukia. Wafini wa Kanali Hjalmar Siilasvuo wakawajia ubavuni kwa skii na kuukata msafara vipande vipande. Kila kipande walikiita motti, neno la wakata kuni: mita moja ya ujazo ya kuni zilizokwisha kupangwa. Mwanzoni mwa Januari 1940 divisheni ya 44 ilikuwa imesambaratika. Kuna wanaosema baridi ndiyo iliyoshinda. Baridi haikuchagua upande. Mfini aliyelala kwenye hema lenye jiko na adui yake aliyelala ndani ya lori hawakuamka sawa.

Mnara wa kumbukumbu ya vita hivyo ulioko kando ya barabara hiyo, Avara Syli, yaani kumbatio lililo wazi, ulisanifiwa na Erkki Pullinen na kuzinduliwa mwaka 2003. Una kengele 105, moja kwa kila siku ya vita, na upepo ukivuma zinalia. Umezungukwa na uwanja wa maelfu ya mawe yanayowakumbuka waliouawa. Tafadhali, usibebe jiwe kama ukumbusho wa safari, wala usiyapange upya ili picha ipendeze. Hilo lisingehitaji hata kuandikwa.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa pale si makaburini, ardhi ile ni tupu. Ni kweli Wafini waliouawa walirudishwa kwao kadiri ilivyowezekana, wakazikwa kwenye makaburi ya mashujaa ya parokia zao, ambako mishumaa huwashwa kila mkesha wa Krismasi. Lakini askari wengi wa Kisovieti walizikwa kwa pamoja humo humo msituni. Anayechimba hajui anamchimba nani. Kuvunja amani ya kaburi ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi mwaka 1.

Sheria ya mambo ya kale ya 1963 inamtaka mtu akabidhi vitu vya umri wa miaka 100 au zaidi visivyojulikana mwenyewe. Basi watu hupiga hesabu: vita hivi havijafika miaka 100, kwa hiyo vitu vyake ni vya bure. Sivyo hata kidogo! Haki ya kila mtu inakuruhusu kutembea, kuchuma matunda na kulala usiku mmoja mmoja; haikuruhusu kuchimba. Kwa kuchimba, na kwa kifaa cha kutambua vyuma vilivyofukiwa, pata kwanza ruhusa ya mwenye ardhi, hata kama mwenye ardhi ni serikali. Silaha na risasi zina sheria yake, na kuwa nazo bila kibali ni kosa hata kama zimeoza kwa kutu.

Ukiona kombora, bomu la mkono au kitu usichokitambua, usikiguse, usikipige teke, usikifukie. Rudi kwa njia uliyojia. Weka alama inayoonekana kwa mbali, kwa mfano kitambaa kwenye tawi, na uandike mahali ulipo kwa ramani ya simu. Kisha piga 112. Polisi watawaita wataalamu wa jeshi. Narudia kwa sababu hufanyika: usikibebe kwenye buti la gari kukipeleka kituoni. Baruti haizeeki kwa upole. Ukiona mifupa, namba ni hiyo hiyo; usiondoe hata kifungo cha koti, kwa sababu vitu vidogo kama hivyo husaidia kumtambua marehemu.