Tuzo za muziki wa jukwaani Australia hazipimi mauzo

Wapenzi wengi wa muziki huamini kwamba tuzo yoyote ya kitaifa humwendea msanii aliyeuza nakala nyingi zaidi, au ambaye nyimbo zake zimesikilizwa sana redioni na mtandaoni. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa chati hutangazwa kila wiki na ndizo zinazokaa akilini mwa watu.

Hata hivyo, tuzo za kitaifa za muziki wa jukwaani nchini Australia, zilizoanza kutolewa mwaka 2016, huangalia kile ambacho mtazamaji hukiona na kukisikia ukumbini: namna mwimbaji anavyoimudu sauti yake mbele ya hadhira, na kazi ya mpiga besi au mpiga ngoma, ambao msikilizaji wa redio ni nadra hata kuyajua majina yao. Vipo pia vipengele vya kumbi za burudani, na vya majimbo, kiasi kwamba bendi ya Hobart, mji mkuu wa jimbo dogo la Tasmania, isiyo na wimbo wowote kwenye chati inaweza kutambuliwa kwa haki kabisa. Kwangu, hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi.

Anayetaka kuhakikisha jambo hili na asome kwanza maelezo ya kipengele, kabla ya jina la mshindi: je, yanataja onyesho au rekodi, yanahusu kipindi gani, na anayeamua ni jopo la majaji au kura za umma? Kisha alinganishe orodha ya wawaniaji na chati za mwaka huohuo.