Baka la kibluu kiunoni mwa mtoto si alama ya kipigo

Mwezi uliopita aliingia chumbani kwangu mama mmoja kutoka upande wa Bahi, amembeba mtoto wa kiume wa wiki 7, na nyuma yake akafuata mama mkwe wake. Baada ya kuitikia shikamoo yangu, bibi ndiye aliyemfungua mtoto kanga, akamlaza kifudifudi na kunionyesha kiuno chake. Palikuwa na baka la rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu, limeshuka hadi kalio la kushoto, na jingine dogo nyuma ya bega. "Daktari, tuambie ukweli," akasema, "huyu mjukuu wangu amepigwa na nani?" Kabla ya kufika kwangu walikuwa wamekwisha kumrudisha kwao binti aliyekuwa akimsaidia mama kazi za nyumbani, na kwa siku 4 mfululizo walikuwa wakimkanda mtoto kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, ili damu waliyodhani imevilia ipate kutawanyika. Baka halikuwa limebadilika hata kidogo. Kilichoongezeka ni ngozi iliyobabuka pembeni mwake.

Kwa miaka ambayo nimekuwa nikiwatibu watoto hapa Dodoma, baka hili ndilo ninaloonyeshwa mara nyingi kuliko alama nyingine yoyote ya kuzaliwa, na sijapata kuona mtoto aliyedhurika kwa sababu yake. Niliowaona wakidhurika ni wale waliochomwa na maji ya moto, waliochanjwa chale, au waliopakwa krimu zenye steroidi kali hadi ngozi ikawa nyembamba. Na nje ya chumba changu wamo kina dada wa kazi na wauguzi wa wodi za wazazi waliotuhumiwa kumpiga mtoto ambaye hakuna aliyemgusa kwa ubaya. Ndiyo maana nataka kulieleza baka hili kwa kirefu.

Hilo ni baka la rangi ya ngozi, wala si la damu. Rangi ya ngozi yetu hutengenezwa na seli maalumu ambazo, mtoto akiwa bado tumboni, huanza safari karibu na uti wa mgongo na kusambaa hadi kwenye tabaka la juu la ngozi la mwili mzima. Kwa kawaida safari hiyo huwa imekamilika kufikia wiki ya 20 hivi ya ujauzito, lakini baadhi ya seli hukwama katika tabaka la chini, hasa kiunoni na makalioni, na huko huendelea na kazi yake ya kutengeneza melanini kama ambavyo zingefanya kwingineko. Melanini yenyewe ni ya kahawia au nyeusi. Ubluu unatokana na kina ilichomo: mwanga unapopenya kwenye ngozi, sehemu yake nyekundu huzama na kumezwa na melanini, ilhali sehemu ya bluu hutawanyika na kurudi machoni mwetu. Aliyewahi kutazama moshi mwepesi wa kuni ukipita mbele ya shina lenye kivuli, akauona una rangi ya bluu, ameshuhudia jambo lile lile.

Watoto wetu walio wengi sana huzaliwa nalo, kama ilivyo kwa watoto wa Asia. Vitabu vya zamani huliita doa la kimongolia, jina lililotokana na maandishi ya mwaka 1885 ya Erwin Bälz, daktari Mjerumani aliyekuwa akifundisha Japani na aliyedhani kuwa ni alama ya watu wa upande ule wa dunia. Sasa jina hilo linaachwa, na mimi naona ni sawa liachwe, kwa kuwa halimsaidii mama wa Kongwa au Mpwapwa kuelewa kitu chochote kuhusu mtoto wake. Baka huanza kufifia katika miaka ya mwanzo, na kwa watoto wengi huwa limetoweka kufikia umri wa miaka 6 hivi. Yale yaliyo mabegani au miguuni huchelewa zaidi, na machache hubaki hadi utu uzima bila kuleta shida yoyote. Halihitaji dawa, na hakuna mafuta yatakayoliharakisha kuondoka.

Swali gumu zaidi ni namna ya kulitofautisha na alama ya kipigo, na hapa naomba tuwe waangalifu kwa pande zote mbili. Baka la kuzaliwa halina uvimbe, halina joto, na mtoto halii linapobonyezwa. Alama ya kipigo huuma, na katika muda wa siku chache hubadilika rangi, kisha huisha kabla ya majuma mengi kupita. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo huwa hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni muda: mzazi apige picha kwa simu mchana, penye mwanga wa kutosha, kisha apige nyingine baada ya wiki 2, na azilinganishe. Lililobaki lile lile, mpaka wake ule ule, ni la kuzaliwa. Pamoja na hayo, sisemi kwamba kila alama ya kibluu ipuuzwe. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa hana namna ya kujigonga mwenyewe, na akionekana na alama mpya masikioni, shingoni au usoni, anapaswa kuchunguzwa siku hiyo hiyo, ama kwa sababu ameumizwa, ama kwa sababu damu yake haigandi inavyotakiwa.

Zipo alama nyingine za mapema ambazo zinapita zenyewe. Mtoto anaweza kuzaliwa na vipele vyenye majimaji meupe ambavyo hupasuka vikioshwa na kuacha vidoa vyeusi, jambo linaloonekana zaidi kwa watoto wenye ngozi nyeusi. Mtoto huwa mchangamfu na ananyonya vizuri, na vidoa hufifia kwa wiki au miezi. Hapa GV, ile dawa ya zambarau, haina kazi, isipokuwa kumficha daktari kile anachotaka kukiona. Wekundu hafifu kwenye kope, katikati ya paji la uso na kisogoni, unaokolea mtoto anapolia, nao ni wa kawaida. Ule wa usoni huisha ndani ya mwaka mmoja au miwili, na wa kisogoni, hata ukibaki, hufunikwa na nywele.

Alama ninayotaka wazazi wailete mapema ni uvimbe wa mishipa ya damu, unaoitwa hemanjioma. Wakati wa kuzaliwa huwa haupo kabisa au ni doa dogo tu, kisha katika wiki za mwanzo huanza kuinuka na kuwa mwekundu au wa zambarau iliyofifia, laini ukiubonyeza. Huwapata zaidi watoto wa kike na watoto njiti. Hukua kwa kasi, na sehemu kubwa ya ukuaji huo huwa imemalizika mtoto akiwa na miezi 5. Baadaye hutulia, kisha husinyaa polepole kwa miaka kadhaa. Wengi hawahitaji zaidi ya kufuatiliwa. Hata hivyo, ukiwa karibu na jicho unaweza kuziba uoni wakati ubongo unajifunza kuona, ukiwa mdomoni au kwenye nepi unaweza kuchubuka na kuwa kidonda chenye maumivu makali, na ukitanda kwenye kidevu na shingo unaweza kuwa na mwenzake ndani ya njia ya hewa. Mtoto mwenye uvimbe wa namna hii 5 au zaidi apigwe ultrasaundi ya ini.

Tangu mwaka 2008, madaktari wa Bordeaux nchini Ufaransa walipogundua kwamba dawa ya moyo ya propranololi iliyeyusha uvimbe wa watoto waliopewa kwa ajili ya matatizo ya moyo, tiba hiyo imebadilisha hatima ya watoto wengi. Lakini ni dawa ya kuanzishwa na daktari, kwa kipimo cha uzito, na hutolewa mtoto akiwa ananyonya au amekula, kwa sababu inaweza kushusha sukari mwilini. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianza wakati uvimbe bado unakua. Mama aliyeambiwa "subiri utaisha wenyewe", akasubiri hadi mtoto akatimiza mwaka huku jicho limefunikwa, amepoteza miezi ambayo hatuwezi kumrudishia, na jambo hilo huniuma kila ninapolikuta.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Wekundu uliokolea wa upande mmoja wa uso, hasa kwenye paji la uso na kope, ambao haufifii, unahitaji uchunguzi wa jicho, na mzazi awe macho na degedege. Madoa ya rangi ya chai ya maziwa, mtoto akiwa nayo 6 au zaidi yenye upana wa zaidi ya milimita 5 kila moja, au mabaka meupe 3 na zaidi yenye umbo la jani, yanamhitaji daktari. Kadhalika kishimo kirefu, kishungi cha nywele au kinyama kilichoota katikati ya mgongo wa chini, kwa kuwa huenda uti wa mgongo ulio chini yake haukufunga vizuri. Hata baka la kibluu lenyewe, likitanda tumboni na kifuani kwa mtoto ambaye hakui au anapoteza alichokuwa ameanza kukiweza, halipaswi kuachwa bila vipimo, ingawa hali hiyo ni nadra sana.

Ombi langu kwa wenzangu wa wodi za wazazi na vituo vya afya ni dogo. Mtoto avuliwe nguo zote siku ya kuzaliwa, ageuzwe mgongo mbele ya mama yake, na kila alama iandikwe kwenye kadi ya kliniki: ilipo, ukubwa wake, rangi yake. Kama siku hiyo imepita, ipo nafasi nyingine kila mwezi, mtoto anapovuliwa nguo ili apimwe uzito. Kwa mjukuu wa bibi yule kadi ilikuwa tupu, nikaandika mwenyewe, nikamsomea kwa sauti: baka la kibluu, kiuno na kalio la kushoto, sentimita 6 kwa 4, jingine nyuma ya bega la kulia, sentimita 2, ya kuzaliwa, hayana maumivu. Bibi aliniomba nirudie mara ya pili, kisha akamwambia mkwewe wapite kwa wazazi wa yule binti kabla ya kurudi nyumbani.