Maana ya pwconv: faili la passwd linapogawanywa

pwconv ni amri ya Linux na baadhi ya Unix nyingine inayochukua faili la zamani la watumiaji, /etc/passwd, na kulitenga na siri zake: taarifa za kawaida zinabaki palepale, manenosiri yanahamia /etc/shadow. Linux za leo husakinishwa zikiwa tayari zimegawanywa hivyo. Utaihitaji zaidi ukirithi seva kongwe, ukiingiza watumiaji kutoka mfumo mwingine, au mtu akihariri passwd kwa mkono na kusahau shadow.

Kwa nini siri zihamishwe, badala ya kulifunga faili lenyewe? Kwa sababu passwd lazima lisomwe na kila mtu. Ukiandika ls -l kuorodhesha faili, mfumo unamjua mwenye faili kwa namba tu, tuseme 1001. Jina lake unalitafuta kwenye passwd. Zamani heshi ya nenosiri, yaani nenosiri lililogeuzwa kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka, nayo ilikaa humohumo. Heshi hairudi kuwa nenosiri, lakini mshambuliaji hana haja ya kuirudisha: alinakili faili, akakaa kwake, akajaribu maneno ya kamusi moja baada ya jingine hadi heshi zilingane. Tena crypt ya asili, kanuni ya zamani ya Unix ya kutengeneza heshi, ilihesabu herufi 8 za mwanzo tu za nenosiri.

Mstari wa passwd kabla ya pwconv:

asha:ab9Kz1QwErTy2:1001:1001:Asha:/home/asha:/bin/bash

Baada yake:

asha:x:1001:1001:Asha:/home/asha:/bin/bash

Na katika shadow:

asha:ab9Kz1QwErTy2:19723:0:99999:7:::

Herufi x inauambia mfumo ukaitafute heshi kule kwingine, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kusoma. Namba 19723 ni siku zilizopita tangu Januari 1, 1970, yaani ni Januari 1, 2024. Zinazofuata ni masharti ya umri wa nenosiri, na pwconv huyachukua kutoka /etc/login.defs.

Sasa tazama heshi yenyewe: haikuguswa. Hapa ndipo wengi hujidanganya. pwconv hubadili mahali pa kuweka siri, haibadili jinsi siri ilivyotengenezwa. Heshi dhaifu ya miaka ya tisini inaingia shadow ikiwa dhaifu vilevile. Haigeuki kuwa heshi imara ya kisasa, ile inayoanza na $6$ au $y$, kwa sababu tu imehamishwa. Kibaya zaidi, tarehe inayoandikwa ni ya siku ulipoendesha amri, kwa hiyo nenosiri la kale linaonekana kama limebadilishwa leo. Mkaguzi anayetazama tarehe peke yake ataridhika bure.

Kabla ya kuiendesha, anza na pwck, amri ya kukagua passwd na shadow. Mistari iliyoharibika au majina yaliyojirudia yanaweza kuifanya pwconv ikwame au ilete vioja. Vikundi vina amri yao, grpconv, na ukaguzi wao ni grpck. Ipo pia pwunconv ya kurudisha heshi kwenye passwd, ila passwd halina nafasi ya masharti yote ya umri, kwa hiyo mengine hupotea njiani. Sioni sababu ya kuitumia leo.

Kuna nakala za kuangalia pia. pwconv huacha faili la awali kwa jina /etc/passwd-, lenye heshi zote za zamani, na hulifunga lisomwe na root, msimamizi mkuu wa mfumo, pekee. Lakini ile nakala ya passwd.bak uliyojitengenezea kwa cp, pwconv haiijui. Ikiwa bado inasomwa na kila mtu, hujaficha kitu.

Ukimaliza, angalia shadow: heshi fupi za herufi 13 zisizoanza na alama ya dola ni za crypt ya kale. Kwa kila mwenye heshi ya namna hiyo endesha chage -d 0 na jina lake, mathalani chage -d 0 asha. Akiingia tena atalazimika kuweka nenosiri jipya, na hapo heshi yake itaandikwa kwa kanuni ya sasa ya mfumo.