Kwa nini Myahudi amezikwa katika makaburi ya mashahidi ya Baku?

Neno la Kiazeri "şəhid" ni lile lile "shahidi" letu, lililotoka Kiarabu, kwa maana ya mtu aliyekufa kwa ajili ya imani au nchi yake. Mgeni anayepanda kilima cha Baku, mji mkuu wa Azabajani, hadi makaburi yaitwayo Şəhidlər Xiyabanı, yaani Njia ya Mashahidi, anaweza kutarajia kukuta Waislamu watupu. Nchi yenyewe ni ya Waislamu, wengi wao Mashia. Lakini mmoja wa mashujaa wanaojulikana sana waliolala pale ni Albert Agarunov, na Albert alikuwa Myahudi.

Ili kuelewa alivyofika pale, tuanze na kilima chenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1990, jeshi la Kisovieti liliingia Baku kuzima vuguvugu la kudai uhuru, likaua raia zaidi ya 100. Wengi wao walizikwa pamoja kwenye kilima hicho kinachotazama Bahari ya Kaspi, mahali ambapo Wasovieti walikuwa wamefuta makaburi ya watu waliouawa mwaka 1918 na kujenga bustani ya burudani juu yake. Waliouawa Januari ile hawakuwa wa dini moja: miongoni mwao walikuwemo Warusi na Wayahudi. Kwa hiyo, kabla vita vya Waazeri na Waarmenia havijapamba moto, kilima kile kilikuwa kimeshawapokea watu wa kila dini kwa jina moja la shahidi. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la kwanza.

Jibu la pili ni maisha ya kijana mwenyewe. Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1969 katika kitongoji cha Amirjan, pembezoni mwa Baku. Kwao ni Wayahudi wa Milimani, jamii iliyoishi Kaukazi kwa karne nyingi na yenye lugha yake, Kijuhuri, iliyo ndugu ya Kiajemi. Alipoitwa jeshini enzi za Usovieti alipelekwa Georgia, akajifunza kuongoza kifaru cha vita. Akamaliza muda wake, akarudi nyumbani.

Mwaka 1991 Usovieti ukasambaratika, na vita vya kugombea eneo la Karabakh kati ya Waazeri na Waarmenia vikazidi kuwaka. Azabajani ilikuwa nchi changa ambayo jeshi lake lilikuwa ndiyo kwanza linaundwa, na sehemu kubwa ya waliokwenda mbele walikuwa watu wa kujitolea. Mtu aliyekwisha kukaa ndani ya kifaru alikuwa na thamani kubwa. Agarunov akajiandikisha mwenyewe, akapewa kifaru na watu wa kuongoza.

Tarehe 8 Mei 1992 vikosi vya Waarmenia viliushambulia Shusha, mji wa mlimani huko Karabakh ambao Waazeri wanauhesabu kuwa kitovu cha muziki na ushairi wao, na ambao Waarmenia nao wanaupenda na kuuita Shushi. Barabarani, kifaru cha Agarunov kilikabiliana na kifaru cha Waarmenia chenye namba 442, kilichoongozwa na Gagik Avsharyan. Agarunov alikipiga. Avsharyan alinusurika, lakini wenzake wawili walikufa, na baadaye Waarmenia walikifanya kifaru hicho kuwa ukumbusho. Kila upande una wana wake wa kulia kwa siku ile.

Agarunov mwenyewe hakuimaliza siku. Inasimuliwa kwamba barabara ilikuwa imelaliwa na maiti za askari, naye hakukubali minyororo ya kifaru chake iwapite juu. Akashuka ili awasogeze pembeni, na akiwa nje mdunguzi akampiga risasi. Alikuwa ametimiza miaka 23 wiki mbili tu zilizopita. Katika habari zote za vita nilizowahi kusoma, ni chache zilizonikaa moyoni kama hii.

Shusha uliangukia mikononi mwa Waarmenia, na Waazeri waliurudisha Novemba 2020. Agarunov alipewa cheo cha Shujaa wa Taifa, heshima ya juu kabisa ya nchi, tarehe 7 Juni 1992, hata mwezi mmoja haujatimia tangu afe. Mwaka 2019 sanamu yake ilizinduliwa Baku.

Siku ya maziko walikuja kilimani shehe na rabi. Kila mmoja aliomba kwa lugha ya dini yake, wakamlaza Albert kati ya wenzake.