Cheti cha jina la biashara si kampuni

Wengi wanaojiandaa kufungua duka, saluni au mgahawa Tanzania huamini kwamba wakishapata cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, tayari wana kampuni. Imani hii ni ya miaka mingi, na inanisikitisha kwa sababu wengi hugundua ukweli wakiwa tayari wanadaiwa.

Cheti kile kinasema jambo moja tu: fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Mbele ya sheria, wewe na duka lako ni mtu mmoja. Ukichukua mzigo kwa mali kauli ukashindwa kulipa, unashtakiwa wewe, na mahakama inaweza kuamuru hata pikipiki au kiwanja chako kiuzwe. Kampuni, inayosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, ni mtu wa peke yake kisheria: inamiliki mali, inadai na inadaiwa kwa jina lake, hivyo kwa kawaida deni lake haligusi mali yako binafsi. (Ukiidhamini wewe binafsi benki, kwa deni hilo kinga hiyo imeondoka.)

Wala cheti si leseni, wala si TIN, yaani namba ya mlipakodi. TIN hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, tena bure. Leseni ya biashara nyingi ndogo hutoka halmashauri.

Simshauri kila mtu akimbilie kampuni. Kwa genge la mboga, jina la biashara linatosha kabisa, maana kampuni inadaiwa ritani, yaani taarifa zake za mwaka, BRELA kila mwaka. Lakini anayepanga kukopa mizigo mikubwa, au kushirikiana na wenzake, alipime hili kabla hajachukua mzigo wa kwanza.